Kazungu Randu Wawili

Ijumaa asubuhi Waruguru alimaliza kuihamisha programu ya maombi ya mashamba kutoka lugha ya kompyuta ya Python kwenda ya Go, akanywa chai na mahamri mawili, kisha akaizima ile ya zamani. Ilikuwa kwenye seva za kukodi, ikihudumia ofisi moja ya Malindi inayopokea maombi ya maskwota, watu wanaoishi kwenye ardhi wasio na hati yake. Ya zamani ilichukua dakika nzima kujibu. Waruguru, aliyehitimu chuo mwaka jana na kushuka pwani kwa kazi, aliamini kwamba programu ikiwa nyepesi, watu watapata mashamba yao upesi.

Majina yaliyojirudia aliyaunganisha: jina moja, mtu mmoja. Hakujua kwamba kwa Wagiriama kijana hupewa jina la babu yake, likifuatwa na la baba, hata babu na mjukuu wakaandikwa sawasawa.

Jumatatu waliingia Kazungu Randu wawili kutoka Gede, ndani ya shati moja. Mkono wa kulia ulikuwa wa mjukuu, mwenye miaka ishirini na sita. Wa kushoto ulikuwa wa babu, aliyefariki mwaka 1989. Mwambire, mlinzi wa mlangoni, aliwaandika mgeni mmoja akawapa kiti kimoja.

Waruguru alimwamkia babu shikamoo, akaitikiwa marahaba. Mjukuu akaeleza kwamba Ijumaa ya wiki hiyo mwenye hati ya ardhi ataleta trekta kubomoa nyumba yake na mkewe Emily, na bila barua ya shamba hawezi kumzuia. Juu ya hayo, tangu waunganishwe babu anakoroma.

"Wafu hawakoromi, somo yangu," babu alisema. "Ni wewe."

Waruguru aliomba radhi kwa moyo wote. Akasema atawatenganisha kabla ya saa sita.

"Ukitutenganisha, nani yuko mbele kwenye foleni?" mjukuu aliuliza.

Waruguru akatazama kwenye programu. Babu aliomba shamba hilohilo mwaka 1974, akawa wa mia tatu na tisa. Mjukuu aliomba mwaka juzi, akawa wa elfu nne mia mbili na kumi.

"Basi tuache hivi hivi, dada."

Babu alisema yeye hana shida, ila shati libadilishwe, linambana kwapani.

Waruguru akafungua ombi lao, sasa la mtu mmoja wa mia tatu na tisa, akauliza limefikia wapi. Programu ilijibu papo hapo: *Ombi lako linashughulikiwa.*

Babu aliomba asomewe mara ya pili. Akasema waliwahi kumwandikia hivyo hivyo, ila wakati ule barua ilichukua miezi mitatu.

Ijumaa trekta ilifika Gede saa mbili. Kazungu Randu wawili walitoa kitanda nje, kila mmoja kwa mkono wake, na Emily akatoa masufuria. Ofisini Malindi, Waruguru aliuliza tena. Alijibiwa yaleyale kabla hajainua kidole kutoka kwenye kibodi.