Loki ya Shamis

Hapa Rustaq, kuanzia sokoni mpaka juu milimani, hakuna anayejua loki za difu la gari kunishinda mimi, Muhanna. Muulize yeyote. Waulize hata wanaonichukia, ambao ndio wengi.

Ndiyo maana Ami Nabhan, kaka yake baba, alinifuata mimi baada ya kahawa ya asubuhi. Gari la marehemu mwanawe, Shamis, lilikuwa limekaa miezi minane juu ya matofali, na tairi zake kubwa zinazonifika kiunoni. Sasa ami alitaka limpandishe tena mlimani kwa mbuzi wake.

"Bingwa ni wewe," akasema. "Twende kwa fundi Ghulam ukanichagulie loki."

"Ami, si ununue punda? Punda kazaliwa na loki, miguu yote minne."

Hakucheka. Tangu Shamis atumbukie bondeni na gari hilo, ami hacheki, anauliza tu. Kawauliza polisi, kawauliza wachungaji: dereva mzuri vile, kona anayoijua tangu utotoni, imekuwaje? Jibu nilimpa mimi. Siku ile nilikuwa gari la nyuma. Nikamwambia niliona jini, mwanamke wa nguo nyeupe, kasimama njiani, Shamis akamkwepa.

Mji mzima ukaamini. Watu wakifika kwenye kona ile wanasoma Ayatul Kursi. Nami naisoma, tena kwa sauti, maana mwanamke niliyemtunga kwa mdomo wangu mwenyewe ameanza kuonekana. Mchana kweupe, kwenye mzunguko wa barabara karibu na ngome, anasimama hana uso. Kila nikikata usukani namsikia chini ya kiti changu: tak, tak, tak.

Gereji, Ghulam alikuwa ameshalishusha chini difu la Shamis, lile bonge la gia linalozungusha tairi za nyuma. Akaligeuza kwa mkono. Tak, tak, tak. Nikarudi nyuma hatua mbili.

"Vipi, bingwa, limekuuma?" akanitania.

Akaweka loki mbili mpya mezani. "Mzee, zote kazi yake moja: tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, hata moja ikiwa hewani. Hii ya otomatiki inajifunga yenyewe ukikanyaga mafuta. Bei nafuu, hugongagonga ukikata kona, lakini haikuulizi. Uko kwenye changarawe, njia imelala upande, inafunga, mkia unateleza kuelekea bondeni. Hii nyingine ni ya hewa. Unabonyeza kitufe inafunga, ukiachia inafungua."

Nilikuwa nikitazama sakafu. Mkia ule niliuona. Uliteleza taratibu, kama mtu anayevuta mkeka.

"Muhanna, ipi?"

"Ya hewa, ami. Na shafti nene za kwenda nayo, tairi hizi zitavunja zile za kiwandani."

Ghulam akatikisa kichwa kukubali. Kwa dakika nzima nikawa bingwa kweli.

"Na ya mwanangu ilikuwa ipi?"

"Ya hewa vilevile," nikasema. "Shamis hakuwa mjinga."

Ghulam akainua macho. "Hapana, bwana. Hii hapa otomatiki. Ngoja."

Ghulam hafuniki difu la mtu kabla hajalipiga video, asije mteja akadai katiliwa kikuukuu. Akafuta kidole kwenye suruali, akaanza kupekua simu kutafuta ya siku alipoitia loki ya Shamis.

"Fundi, acha," nikasema. "Ami kachoka."

"Sijachoka," akasema ami.

Kwenye kioo cha simu ikatokea mikono yenye grisi na meno ya gia yanang'aa. Kisha sauti ya Shamis, nzima, karibu mno: "Mimi nangoja ya hewa, mwisho wa mwezi."

Ami akashika ukingo wa meza.

Ikafuata sauti nyingine, imejaa kicheko. Yangu. "Wangoja nini, bi harusi? Ijumaa tunapanda! Fundi, mtilie hii hii ya otomatiki. Akianguka, baba yake nitamjibu mimi."

Watu wakacheka humo kwenye simu. Shamis naye alicheka.

"Rudisha," akasema ami.

Ghulam akarudisha. Mara ya tatu ami hakutazama simu tena. Alinitazama mimi, akavuta kigoda, akaketi.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nijibu."