Paka wa Nyumba ya Habib

...na huyu kijivu ana maringo, jirani yangu Rukiah anavyomsifu utadhani anamposea, "Huyu ndiye wa kazi, dada Nusura, panya wa Kisenyi watahama wenyewe," nami nimekaa tu kwenye mkeka wake, vipaka vitatu mbele yangu, chai ya tangawizi inapoa, haina sukari, nani anaipata sukari siku hizi, naitikia ndiyo, ndiyo, wala simsikii, maana paka hajaingia kwangu tangu niolewe, Habib kifua kilimbana, unyoya mmoja tu na usiku kucha anakohoa... na bado akiwapenda, mume wangu yule, anajifunga leso puani, anawarushia dagaa wakavu, mukene, kutoka mlangoni, samahanini mabwana, anawaambia, karamu ni ya nje, hata sasa nacheka... yule mweupe mzuri lakini anamparura mwenzake, sitaki mgomvi, na huyu wa madoa, bambi, maskini, gari limepita njiani naye kakimbilia nyuma ya sigiri ya makaa, moyo wangu nao umeruka, gari la nani, linasimama wapi... limepita, lile lililomchukua Habib kule gereji lilisimama, wakateremka wanajeshi, hakuna aliyethubutu kuuliza. Mama mkwe kaulizia kila kambi mpaka kachoka, sasa anataka isomwe hitma, nikamfokea, mkubwa wangu, Mungu anisamehe, hitma gani na mtu hajazikwa, eda niikae ya nani, atarudi, nyumba imngoje safi... "Dada, unachagua paka au unachagua mume?" ananitania Rukiah, hana ubaya, kumbe ndiyo hiyo, nikibeba paka nimesema Habib hatalala tena nyumbani kwangu, ndiyo maana mkono hauinuki... huyu wa madoa katoka, masizi usoni, ananusa kidole changu, ananipandia magotini bila hodi, anatetemeka, tulia, baba, nami naogopa, tutaogopa wawili, ana joto, ee Mola, tangu lini kitu chenye joto kimenilalia... nampenda Habib, nampenda, na harudi, nimelisema, moyoni lakini nimelisema, Rukiah bado ananitazama, chai bado sijaigusa, huyu, nitamwambia sasa hivi, nampenda huyu, halafu nitapita kwa mama mkwe nimembeba kifuani, nimwombe radhi, nimwambie Ijumaa wasome.