Chumba cha Kulala Kinachopika Maharage

Pembezoni mwa mji wa Gabrovo, kule nyumba za mawe zinapopandia mlimani, kipupwe kikiingia watu huhamia jikoni. Kupasha moto nyumba nzima ni mambo ya watu wa Sofia, mji mkuu. Wewe unawasha jiko la kuni, unafunga milango mingine yote, na ukitaka mtungi wa pilipili za kusindika kutoka chumba cha pili, unavaa koti, unavuta pumzi, unakimbia. Ndivyo alivyoishi baba yake Totyu, na babu yake, na Totyu mwenyewe miaka sabini na minne, wala hakuona ubaya wowote.

Mpaka Novemba, nimonia ilipomkamata Rayna, mkewe.

Alilazwa wiki tatu. Alipotoka, binti yao Iskra hakumrudisha nyumbani. Alimpakia garini moja kwa moja hadi kwake Varna, kwenye ghorofa lenye joto karibu na bahari. Totyu akabaki na paka na redio. Baada ya Krismasi Iskra akaja na fundi. Wakafunga boila ya gesi ya kuchemsha maji, na chini ya madirisha rejeta za chuma za kupitisha maji hayo ya moto, na kila rejeta ikavishwa kichwa cheupe kinachojizungusha chenyewe, kufungua moto na kuufunga. Kila chumba wakakibandikia kihisi chake ukutani, kidude kidogo kama kete ya drafti. Kidude kinapima joto na unyevu wa hewa, kinatuma habari kwenye kisanduku barazani, na kisanduku ndicho kinachoamua rejeta ipi ipate moto na ipi ilale. Iskra, mwendo wa saa nne kutoka pale, anayaona yote kwenye simu yake.

"Baba, nisikilize vizuri," alisema siku ya kuondoka. "Daktari anataka nyuzi ishirini na moja chumbani, mchana na usiku. Nikiona siku saba mfululizo chumba chenu kina ishirini na moja, namleta mama. Nisipoona, anakaa kwangu mpaka Aprili. Na usiogope gesi. Mtambo huu unabana matumizi kuliko wewe."

"Kuliko mimi?" Totyu akacheka. "Huyo bado hajazaliwa."

Jirani yake Dobri, aliyekuwa ameegemea uzio akitazama fundi anavyofungasha vyombo, naye hakuweza kunyamaza. "Totyu, kumbe umenunua mashine ya kuchunga joto! Mimi nilidhani utamkata paka mkia kwanza, ili akipita mlango ufungwe upesi."

Utani huo wa ubahili watu wa Gabrovo wanatupiwa nchi nzima, na wanaoupenda kuliko wote ni wao wenyewe.

Siku mbili za mwanzo Totyu alifuata amri. Siku ya tatu alisimama mlangoni pa chumba cha kulala akatazama. Kitanda kimetandikwa, hamna mtu, na rejeta inamwaga joto kwa ajili ya mito miwili. Ikamchoma moyoni, kama kuona mkate unatupwa. Akakibandua kile kidude, akakipeleka jikoni, akakitundika kwenye msumari jirani na jiko la kuni. Kidude kikasoma ishirini na moja. Kisanduku kikaridhika, kikafunga moto wa chumbani. Iskra naye kule aliko akaridhika. Mpango ulikuwa mwepesi: siku moja kabla Rayna hajaja, atakirudisha mahali pake, moto utawaka wenyewe, yamekwisha. Totyu akajiona amewaweza wote.

Siku ya saba, saa tano asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Rayna, peke yake. Iskra yuko kazini.

"Totyu, uko wapi?"

"Jikoni, bibie. Niwe wapi tena?"

"Unapika nini?"

"Maharage. Na mnanaa kidogo, kama unavyotia wewe."

"Enhe. Sasa, Iskra ameniachia simu yake ya zamani, humo naiona nyumba yetu. Kuna mstari wa unyevu. Chumbani kwetu kila siku saa nne na nusu unyevu unapanda, unapanda, saa saba unashuka. Jumatano tu haukupanda. Jumatano ulikula wapi?"

Totyu akaitazama sufuria. "Kwa Dobri."

"Haya. Miaka arobaini na sita nalala chumba kile, sikujua kumbe kinapika maharage."

Totyu akakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa.

"Ni ubahili tu?" Rayna akauliza, sauti imeshuka. "Kama ni ubahili niambie, nicheke. Huo nimeuzoea."

"Ubahili upo," Totyu akasema. "Lakini mimi silali kule, Rayna. Tangu gari la wagonjwa likuchukue nalala kwenye benchi la jikoni. Nikiingia kule naona upande wako umenyooka vile, shuka haina hata kunyanzi. Nikasema, joto lote hili nampashia nani?"

Kule Varna ikasikika pumzi yake, ile yenye mkwaruzo kidogo mwishoni.

"Na huo mgongo wako, kwenye benchi," alisema hatimaye. "Mjinga wee. Kirudishe."

Akakirudisha. Haukupita muda, kidude kikasoma tisa, na haukupita muda mwingine, simu ikalia tena.

"Baba! Dirisha la chumbani limevunjika? Ilikuwa ishirini na moja, sasa naona tisa!"

Rayna hakuwa amemsemea. Uongo ulikuwa umeshaandaliwa mezani, kilichobaki ni kuula tu. Totyu akafungua kinywa, ukatoka ukweli, wote, pamoja na msumari.

"Keshokutwa nilikuwa namleta!" Iskra akapaza sauti. "Nimeshaomba ruhusa kazini!"

"Ningekirudisha siku moja kabla, mwanangu."

"Siku moja! Kuta za mawe, unene mkono mzima, na wewe umezaliwa humohumo! Siku moja unapasha hewa, Baba. Ukuta unabaki barafu, na mama ndiye analala upande wa ukutani. Unataka nimrudishe hospitali?" Simu ikakatika.

Totyu akaenda kuweka kiganja ukutani, pale bega la Rayna hufika akilala. Ubaridi wake ulikuwa kama wa mawe ya kisima. Akakiacha kiganja pale mpaka vidole vikafa ganzi. Rejeta ilikuwa imeshaanza kupata moto. Akakisogeza kitanda mbali na ukuta, akaenda jikoni kuchukua blanketi lake benchini.

Asubuhi ya tatu Dobri akamkuta anapangusa madirisha.

"Vioo vyako havina barafu, jirani. Unaumwa?"

"Rayna anakuja."

"Amesema nani?"

"Bado hajasema mtu."

Kidude kikapanda: kumi na moja, kumi na tatu, kumi na nne. Iskra hakupiga simu, na Totyu hakuthubutu. Kumi na saba. Siku ya sita ikafika kumi na tisa, ikagoma hapo, kwa maana upepo wa kaskazini ulikuwa umeshuka mlimani. Mchana simu ikalia.

"Kumi na tisa," Iskra akasema bila salamu.

"Tangu alfajiri. Ukuta bado unakunywa joto."

"Tulisema ishirini na moja."

"Tulisema, mwanangu."

"Ule mstari wa unyevu siku hizi unapanda usiku, Baba. Polepole, mpaka alfajiri. Mama anautazama kila asubuhi akinywa chai. Anasema hizo ni pumzi zako."

Totyu hakujua pa kuweka macho. Nyuma ya Iskra ikasikika sauti nyingine: "Mwambie nimeshafunga begi!"

"Mama, bado nyuzi mbili."

"Hizo mbili nakuja nazo mwilini. Kitanda cha watu wawili, analala mmoja, kitafikaje ishirini na moja?"

Wakafika Jumapili adhuhuri. Iskra aliingia chumbani wa kwanza, akapapasa ukuta juu na chini kama fundi, akatoka kwenda kuteremsha mizigo. Rayna akaketi ukingoni mwa kitanda, koti limefungwa mpaka shingoni. Akavuta pumzi ndefu. Totyu, mlangoni, akasubiri kikohozi. Hakikuja.

Rayna akafungua kifungo cha juu. Akafungua cha pili. Cha tatu kikamshinda, vidole bado havina nguvu.

"Usinipime kwa macho kama kidude chako," akasema. "Njoo unisaidie."