Mara Moja ni Ndiyo

Chepkirui alijiunga na makadeti wa anga akiwa mwaka wa pili chuoni Kabianga, na wiki ya kwanza tu alitamani kuacha. Kuruka hakukumshinda. Kilichomshinda ni redio.

Klabu yao ilikuwa na ndege moja ya viti viwili, kiwanja cha nyasi katikati ya mashamba ya chai nje ya mji wa Kericho, na kibanda cha mabati chenye redio ya mezani. Mwalimu wao, Kapteni Mureithi, alikuwa mstaafu wa jeshi la anga, mtu wa maneno machache na viatu vilivyong'aa hata siku ya matope. "Ndege itawasamehe mkikosea kidogo," aliwaambia. "Redio haisamehe. Ukitamka vibaya, mwenzako atasikia kitu kingine, na huko juu hakuna mahali pa kuegesha mbishane."

Redioni ndege ile iliitwa kwa herufi mbili za mwisho za usajili wake, B na P, yaani Bravo Papa. Kwa mtu aliyelelewa kwa Kipsigis mpaka akaingia shule, b na p ni mapacha. Chepkirui alishika kipaza sauti, akasema "Pravo Baba," na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Aliyenyamaza alikuwa Eugene, mtoto wa pekee wa Nyathira, mama mwenye duka mjini Kericho, ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Nyeri zamani. Jioni ile wakitembea kwenda barabarani, Eugene alimwambia, "Weka mkono mbele ya mdomo. Ukisema Papa, lazima usikie upepo kwa mkono. Bravo haina upepo. Jaribu."

Wakaenda hivyo, kila mmoja na kiganja mdomoni, hadi wachumaji chai wakaacha kuchuma ili wawatazame. Chepkirui alicheka mpaka machozi. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa akiita Bravo Papa bila kujikwaa, na Kapteni akamweka zamu ya redio mara nyingi kuliko wengine.

Walijifunza kuishika ndege iende sawa bila kupanda wala kushuka. Walijifunza kupinda bila kupoteza kimo, na kushuka kwa kupunguza injini kidogo kidogo, kama mtu anayeteremka kilima na mtungi kichwani. Kapteni aliwafundisha pia la kufanya ikiwa rubani anasikia lakini sauti yake haitoki. Abonyeze kitufe cha kipaza sauti, na aliye chini atasikia mkwaruzo mfupi. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Zoezi hilo walilifanya wakichekacheka, wakiulizana nani anampenda nani.

Mara kwa mara waliruka hadi kiwanja kingine cha nyasi upande wa Bomet, jirani na boma la Johana, babake Chepkirui. Ng'ombe wa kijiji walikijua kiwanja hicho kama malisho, kwa hiyo kabla ya safari Chepkirui alimpigia babake simu, naye akaenda kuwaondoa. Kisha mzee alikuwa akisimama pembeni, kofia mkononi, akimtazama binti yake akishuka kutoka mbinguni.

Siku ya Eugene kuruka peke yake kwa mara ya kwanza, ukungu uliamka nao na haukutaka kuondoka. Walisubiri asubuhi yote. Mchana jua lilipochomoza, Kapteni Mureithi alitazama magharibi, akatazama saa, akamtazama kijana aliyekuwa amesimama karibu na ndege tangu mapambazuko.

"Mizunguko mitatu tu," alisema. "Halafu unateremka."

"Sawa, Kapteni."

Chepkirui alikuwa kwenye redio. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri. Katika wa pili alisikia sauti ya Eugene ikikatikakatika, kisha ikapotea kabisa. Akaita, asijibiwe. Akainua macho dirishani, na hapo akaliona wingu. Lilikuwa limetokea upande wa ziwani, magharibi, jeusi kwa chini na lenye ukingo mweupe, rangi ambayo mkulima yeyote wa Kericho anaijua: mvua ya mawe.

"Mwambie ashuke sasa hivi!" Kapteni alisema. Lakini kabla hajamaliza, mawe ya kwanza yaligonga bati. Mara kibanda kikawa kama ngoma. Kapteni alifungua mdomo, akapaza sauti, na Chepkirui hakusikia hata neno. Kiwanja kilikuwa kinageuka cheupe mbele ya macho yao. Mwenye hedifoni masikioni alikuwa yeye, na huko ndani ya hedifoni palikuwa kimya.

"Bravo Papa, hapa Kericho. Ikiwa unanisikia, bonyeza mara moja."

Mkwaruzo mmoja.

"Bravo Papa, usije huku. Narudia, usije. Kuna mawe kiwanjani. Uko nje ya wingu?"

Mkwaruzo mmoja.

Kwa kelele ile, hakukuwa na wa kumuuliza. Magharibi na kaskazini palikuwa pamefungwa. Kusini, juu ya vilima vya kwao, anga ilikuwa bado ya buluu. Chepkirui aliandika kwa herufi kubwa kwenye ubao wa hali ya hewa, BOMET, akamwonyesha Kapteni. Mzee alitazama nje, akatazama ubao, akatikisa kichwa kukubali. Chepkirui akaandika tena: MPIGIE BABA. NG'OMBE. Kapteni akajifunika koti kichwani, akakimbilia garini kupiga simu.

"Bravo Papa, geuka kushoto, elekea kusini. Unaenda Bomet, kile kiwanja chetu. Mafuta yanatosha. Unakumbuka barabara?"

Mkwaruzo mmoja.

Akaongea naye njia nzima. Alimtajia kimo cha kushika, akamkumbusha aangalie kasi, akamtajia soko na mto na mnara wa simu kadiri alivyokisia ndege inavipita. Utaratibu wa redio unataka maneno machache, naye aliufuata, isipokuwa mara moja.

"Eugene," alisema, akitumia jina ambalo halipaswi kutumika. "Unaogopa?"

Kisha mkwaruzo mmoja.

"Mimi pia. Lakini sitoki hapa."

Mawe yalipoanza kupungua batini, Kapteni alirudi, maji yakimtiririka, akainua kidole gumba: Johana alikuwa tayari kiwanjani. Chepkirui akauliza, "Bravo Papa, unaona kiwanja?" Ndiyo. "Kiko wazi?" Ndiyo. Akampa mwelekeo wa upepo kama babake alivyoueleza kwa simu, akamwambia, "Shuka salama." Hilo halikuwa swali. Hata hivyo Eugene alibonyeza.

Kisha vilima vikaimeza redio, kama ilivyo kawaida ndege ikishuka chini sana. Chepkirui na Kapteni wakangoja. Nje, chai ilikuwa imechanwa majani, imebaki vijiti.

Simu ilipolia, ilikuwa ya babake. Johana alikuwa mtu wa kusalimu kwanza hata akiwa na haraka. Safari hii hakusalimu.

"Chepkirui," alisema. "Kuja. Kuja na mwalimu."

Ilivyotokea ni hivi. Johana alikuwa ameswaga ng'ombe wote nje. Ndege ilishuka vizuri, magurudumu yakagusa nyasi. Ngurumo ikapiga kwa mbali, mtamba mmoja wa ng'ombe akashtuka na kurudi mbio kiwanjani, na Johana akamkimbilia bila kufikiri, kama alivyofanya maisha yake yote. Alipoinua kichwa, ndege ilikuwa mbele yake. Aliuona uso wa kijana kupitia kioo. Ndege ikapinda ghafla kushoto, ikaingia kwenye shamba la chai la pembeni, gurudumu likanasa mtaroni, ikapinduka. Walimtoa Eugene akiwa hai. Alifia garini kabla ya kufika hospitali, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Johana.

Siku ya tatu Chepkirui, babake na Kapteni walikwenda nyumbani kwa Nyathira. Alikuwa ameketi sebuleni kati ya wanawake wa kanisa, kitambaa cheusi kichwani. Alipowaona watatu hao mlangoni, aliwaomba wanawake watoke kidogo.

Kapteni Mureithi ndiye aliyeanza. Alisimama wima kama yuko gwaride. "Mama Eugene, niliona wingu na nikamruhusu. Lawama ni yangu."

"Mimi ndiye nilimpeleka Bomet," Chepkirui alisema. "Ningeweza kumwambia azunguke, angoje mawe yaishe."

Johana alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Kiswahili chake kilikuwa kizito, na siku ile kilikuwa kizito zaidi. "Mama, ni mimi alikuwa anakwepa. Kama si mimi na hiyo ng'ombe, yeye ako hapa. Mimi ni mzee. Angepita tu na mimi." Akaikunja kofia. "Na huko ndani ya gari, aliniuliza, 'Mzee, umeumia?' Ndiyo neno yake ya mwisho. Aliniuliza mimi."

Nyathira aliwatazama mmoja mmoja. Aliposema, hakupandisha sauti.

"Watu wazima wamekuja kwangu kugawana kifo cha mtoto wangu, kila mmoja anataka kipande kikubwa. Na mimi je? Mimi ndiye nilimpeleka akajiandikishe. Nilimshonea ile nguo ya makadeti mwenyewe." Aliifuta meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. "Mniachie. Ni wangu."

Nyathira akamgeukia Chepkirui.

"Wewe ndiye ulikuwa unaongea na yeye. Aliogopa?"

Chepkirui alijua jibu ambalo kila mtu angetoa. Alihisi macho ya Kapteni yakimsihi alitoe.

"Nilimuuliza, mama. Akabonyeza mara moja. Mara moja ni ndiyo."

Uso wa Nyathira ulikunjamana, kisha ukatulia. "Asante," alisema. "Hawa wote waliokuja hapa wameniambia hakuogopa, alikuwa simba. Mimi nilimzaa. Eugene alikuwa anaogopa hata radi, akiwa mkubwa hivyo bado anakuja kukaa jikoni na mimi. Nikawa najiuliza ni mtoto wa nani huyo wanazika." Akavuta pumzi. "Na wewe ukamwambia nini?"

"Kwamba naogopa pia. Na kwamba sitoki pale."

"Na hukutoka."

"Sikutoka."

Nyathira akaita jikoni waletewe chai. Johana alitaka kukataa, akisema hastahili, lakini mama huyo akamwekea kikombe mkononi na kukishikilia hapo mpaka vidole vya mzee vikakifunga.

Klabu ilifungwa kwa muda mrefu wachunguzi wakifanya kazi yao. Walisema waya wa kipaza sauti ulikuwa umekatika ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Makadeti kadhaa hawakurudi. Kapteni Mureithi alirudi akiwa amezeeka, na hakuna aliyeruhusiwa tena kuruka baada ya adhuhuri, hata anga iwe safi namna gani. Chepkirui alirudi pia. Siku alipoirusha peke yake ndege waliyoazimwa, hakukuwa na makofi wala picha. Alishuka, akazima injini, akakaa ndani kwa muda, na Kapteni hakumharakisha.

Kule Bomet wanakijiji waliamua kuzungushia kiwanja ua. Nyathira alipopata habari alipakia waya na misumari kwenye pikapu ya duka, akaenda mwenyewe. Wanaume walikuwa wakichimba mashimo ya nguzo. Alimwomba Johana amwonyeshe mahali penyewe. Mzee akamtangulia hadi ukingoni mwa chai, akanyoosha mkono, kisha akarudi nyuma amwache.

Chepkirui, aliyekuwa akishika nguzo ili babake ashindilie udongo, alimwona mama huyo akiingia katikati ya mistari ya chai mpaka kiunoni. Michai iliyokuwa imevunjika ilikuwa imeanza kuchipua. Nyathira alisimama pale muda mrefu, mgongo umewageukia. Wanaume walipunguza sauti, lakini hawakuacha kuchimba.

Alipotoka, sketi yake ilikuwa imelowa umande. Akauliza nyundo iko wapi.