Barua Ilisema Afumue

Barua ilikuwa na mistari miwili tu: karani wa mapokezi afumue matuta yake, maana ni nywele za kishamba, kabla ya saa nane mchana, la sivyo asikanyage tena pale kaunta. Na kampuni yenyewe, ushangae mwenyewe, inauza mbegu na majembe!

Kazi ile karani aliisaka miaka miwili, soli zikaisha. Saa ya chakula akakimbilia saluni kwa shangazi yake, roho mkononi.

"Fumua yote, shangazi. Nina saa moja."

Shangazi akachukua kitana, akaanza. Vidole vyake vina akili zao: mdomo ukishika kazi nyingine, vyenyewe vinaendelea.

Kwenye benchi alikaa mama mmoja mkulima, kilemba kichwani, akingoja zamu. "Lakini matuta si ya shambani kweli?" akachokoza. "Mimi napanda viazi humo."

"Nani kakwambia shamba lilitangulia?" Shangazi akawaka. "Mtu kazaliwa na kichwa kabla hajashika jembe! Aliyelima tuta la kwanza alikuwa ametazama kichwa cha mkewe."

"Wee! Mkewe ndiye aliyekuwa analima. Karudi jioni, macho yamejaa matuta, kamkamata mwanawe amsuke, mkono ukafuata macho."

"Na mkeka je? Kikapu je? Navyo vinasukwa, vimetoka shamba gani?"

"Hata njama zinasukwa, dada."

"Hizo waachie mabosi!"

Wakacheka, wakabishana, karani naye akajisahau akatia neno. Alipoinua macho kwenye kioo, aliona matuta kumi mapya, membamba, kutoka kipajini hadi kisogoni.

"Shangazi! Umenisuka!"

Shangazi akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya jirani. "Haki ya Mungu, nilikuwa namwonyesha huyu."

Saa nane kasoro dakika kumi. Karani akatoka mbio. Yule mama, ambaye ubishi ulikuwa haujamwisha, akamfuata. Mbegu alikuwa azinunue hukohuko.

Kaunta ilikuwa na foleni ya wanawake tupu, wote na vilemba. Meneja akatokeza, tai imemkaba.

"Si nilisema ufumue?"

"Nimefumua, bosi," karani akajibu. "Barua haikukataza kusuka tena."

Foleni ikaguna.

"Kichwa kama shamba!" meneja akafoka.

"Na sisi unaotuuzia mbegu, tukoje?" Yule mama akajipenyeza mbele, akavua kilemba. Matuta ya mwezi mzima, yamechakaa, yamesimama wima. Wa nyuma yake akavua. Na wa nyuma yake. Tangu enzi za bibi zao wameambiwa wafunike, na hakuna hata mmoja aliyesahau kusuka.

Meneja akavitazama vile vichwa, akarudi ofisini. Akaufunga mlango, taratibu.

Karani akakalia kiti chake. "Haya, nani wa kwanza?"

"Mimi," mama akasema. "Lakini shamba ndilo lililotangulia."