Mafuta Yanapoanza Kugeuka

Baba alifundisha fizikia mpaka wakamstaafisha, na hata leo ukimpa nafasi atakufundisha. Kila Jumamosi asubuhi alimfukuza mama jikoni, akatoa sufuria pana, akamimina mafuta ya kina cha kidole, kisha akanyunyizia unga wa rangi ya fedha, ule wa kuchanganyia rangi za kupaka, ili mwendo wa mafuta uonekane. Moto mdogo chini, halafu kusubiri.

"Tazama," angesema, mikono kaiweka nyuma kama mfungwa, maana kwake kuigusa sufuria ilikuwa mwiko. "Mafuta ya chini yamepata joto, yamekuwa mepesi, yanataka kupanda. Lakini mafuta yananata, yanang'ang'aniana. Kwa hiyo yametulia tuli, joto linapita humo kimyakimya. Unaongeza moto kidogo, unaongeza tena, hadi tofauti ya chini na juu inazidi kiasi. Hapo hayavumilii. Yanapanda katikati, yanashuka pembeni, sufuria nzima inajaa vijumba kama sega la nyuki."

Hotuba hiyo naisikia tangu sina meno. Kilichonileta Jumamosi ile ni jambo jingine. Mama alikuwa amenivuta kando akaninong'oneza, "Baba yako haoni sawasawa. Juzi kamimina chai nje ya kikombe, akanilaumu mimi." Na baba ndiye aliyekuwa akimpeleka binti yangu shule kila siku kwa gari lake. Binti ana miaka saba. Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupoi. Gari lilikuwa na mkwaruzo mpya ubavuni. Nilipomuuliza baba, alisema watu siku hizi hawajui kuegesha. Habari za daktari wa macho hakutaka hata kuzisikia, na mimi na ukali wangu wote sikufua dafu.

Basi nikamchezea mchezo mbaya. Nilimwandalia sufuria mimi mwenyewe, nikaiweka upande wa kushoto wa jiko la umeme, upande ambao sikuuwasha. Wa kulia niliuwasha nikabandika birika, ili joto na mvumo viwepo. Nilijiona mchawi. Moyoni nilikuwa namwomba Mungu baba anigeukie aseme, "We mtoto, umesahau kuwasha."

Tukasimama. Mafuta yalilala, na ule unga haukutikisika hata chembe.

"Bado tu?" nikauliza.

"Tulia. Wewe huna subira tangu kuzaliwa."

Akainama. Akainama zaidi, pua ikakaribia kugusa mafuta. Kisha uso wake ukachanua. "Ahaa! Yameanza. Unaona pale katikati? Yanapanda. Leo vijumba vimejipanga vizuri kweli."

Sikuona kitu, kwa sababu hakikuwepo. Nikamshika mkono, nikaubandika ubavuni mwa sufuria.

Alipapasa ubavu, akapapasa na kitako. Muda huo wote nilijichukia.

"Hukuwasha," akasema.

"Sikuwasha, baba."

"Kwa makusudi."

"Kwa makusudi. Naomba funguo za gari."

Nilitegemea aniwakie, na kusema kweli ningefurahi. Badala yake alitia mkono mfukoni, akazitoa, akazishikilia kidogo, kisha akanipa.

"Usimgombeze mtoto," akasema.

"Chiriku? Kafanya nini?"

"Nilimwambia iwe siri yetu." Alikuwa anaangalia upande niliposimama, lakini si machoni mwangu. "Ana akili sana yule. Hajakosea hata siku moja. Yeye ndiye huniambia taa ikiwa nyekundu."