Mkwe Asiyeshuka kwenye Baiskeli

Mimi si mtu wa kiburi. Hasira za karibu ninazo, hilo sikatai, na nikichokozwa najibu, lakini kiburi sina. Naanza na hili kwa sababu mwaka huu, kwa wiki tatu nzima, kijiji chote kiliamini vingine, na chanzo chake ni baiskeli.

Ninatunza majalada ya wagonjwa kwenye zahanati moja mjini Same. Tunakaa kilomita saba nje ya mji, huku tambarare, mimi na mume wangu Loth na mama yake. Magari ya asubuhi yanapita yameshajaa, bodaboda wanakuja wakipenda wao, na mkuu wa zahanati alikuwa ameshanionya mara mbili kwa kuchelewa. Nikasema basi, nanunua baiskeli.

"Wewe?" akauliza Loth. "Mtu wa Ngujini?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Nimezaliwa Ngujini, Ugweno, juu milimani, ambako baiskeli ukiipeleka utaibeba wewe, yenyewe haikubebi. Nilifika miaka arobaini na sita sijawahi kuikalia. Lakini mama mkwe alikuwa pale pale anachambua maharage ya makande, akasema bila kuinua macho, "Mama Doris, utavunjika."

"Mama, mbona kuendesha najua tangu zamani," nikamjibu.

Uongo ulitoka wenyewe. Loth alinitazama, akanyamaza, na kwa kunyamaza kule nilimpenda upya.

Niseme kidogo kuhusu huyu mama. Alishuka kwetu kutoka Suji miaka minne iliyopita, goti lilipomkatalia kupanda shambani. Watu wanapenda kuwasema wakwe zao. Mimi wangu simsemi. Yeye ni wa Kichasu, mimi wa Kigweno, tunakutana kwenye Kiswahili, na tukikasirika kila mmoja anarudi kwake. Jioni nikitoka kazini nakuta ameshaniwekea maji ya kuoga. Jumapili nikimsuka nywele ananipa umbea wa Suji wa mwaka sabini na tano kana kwamba ni wa jana, na tunacheka mpaka mistari inapinda. Nampenda kuliko dada zangu, na wao wanajua.

Loth ni dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge, anarudi Jumamosi kwa Jumamosi. Alichukua likizo ya wiki moja akanifundisha kwenye uwanja wa mpira, mama akidhani tumeenda kuangalia mbuzi. Nikajua kwenda. Kukata kona nikajua kiasi. Kabla hatujafika kwenye kushuka, likizo ikaisha.

Nikajitengenezea utaratibu wangu. Nyumbani napandia juu ya jiwe kubwa lililo kando ya njia. Mjini, jirani na zahanati, kuna Abdulmajid, fundi wa kuziba pancha, ambaye siku ya kwanza alinishuhudia nikigonga meza yake. Siku ya pili nilikuta amenipangia matairi mabovu ukutani. Naingia nayo pale, pu! Yeye anasema, "Karibu kazini, dada." Jioni ananishikia siti, ananisukuma, naenda. Nikifika nyumbani nazunguka nyuma ya banda la mbuzi, naingia kwenye rundo la mabua, najikung'uta, natokea mbele kama mtu wa maana. Sikuchelewa kazini hata siku moja.

Shida ilikuwa katikati ya safari. Kwetu mwenye baiskeli anashuka kwa mkubwa wake. Anashuka, anashika usukani, anatoa shikamoo, anaulizwa nyumbani, watoto, kazi, ndipo anaruhusiwa kwenda. Na njia yangu asubuhi ina wakubwa wawili: Mzee Eliufoo, mzee wa kanisa letu, akipeleka maziwa, na Bibi Justa wa vitumbua. Mimi nikishuka sipandi tena, maana barabarani hakuna jiwe wala Abdulmajid. Kwa hiyo nilipiga kengele, nikapiga na kelele, "Shikamoo mzee! Shikamoo bibi!" huku napita. Nilidhani inatosha. Upepo wa Same mnaujua. Salamu zangu sijui zilifika Makanya au wapi, kwa wenyewe hazikufika. Mzee Eliufoo alikuwa akibaki na mkono aliouinua kunipa.

Wiki ya tatu, Jumapili baada ya ibada, Bibi Justa akamweka mama pembeni akamwambia mkwewe siku hizi hashuki kwa mtu. Nyumbani, wakati wa kula, mama akaniuliza, "Ni kweli unawapita wazee?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini nilijua nikisema sijui kushuka, ataniomba niiache baiskeli, na nikiiacha baiskeli kazi imekwenda. Tena uongo wangu ungekuwa mezani, mbele ya ugali. Aibu ikanibana, na mimi nikibanwa nakasirika.

"Mama, mimi nawahi kazini. Siendi kwenye mkutano wa salamu."

Siku ile nywele hazikusukwa. Jumatano akaniambia kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza, "Loth akija Jumamosi atanipeleka Suji. Mkwe anayewapita wazee wa nje, siku moja atampita na wa ndani. Niondoke kabla sijaiona siku hiyo."

Suji nyumba yake ni tupu. Maji yako bondeni, na lile goti lake nalijua, nalichua mwenyewe kila baridi ikizidi. Nililala nikitafuta maneno, nikaamka sina. Alhamisi ikapita hivyo hivyo.

Ijumaa asubuhi mlango wake ulikuwa umefungwa, nikadhani bado amelala. Nikapanda jiwe langu, nikaondoka. Kabla ya kufika kwa Bibi Justa, nikamwona mtu mbele yangu anatembea kwa kuchechemea, mfuko kichwani, kanga ya kijani mabegani. Ile kanga nilimnunulia mimi. Hakuwa amemngoja Loth. Alikuwa anaenda barabara kuu kutafuta gari la Suji.

Mita hamsini. Bibi Justa ameinuka na mwiko wake. Mzee Eliufoo amesimama na dumu la maziwa. Mama akasikia cheni, akasogea pembeni kunipisha. Hakugeuka hata kidogo. Alishajua kwamba nitapita.

Nikaminya breki zote mbili.

Sikushuka, nilianguka. Baiskeli ilikwenda kwake, mimi nikaenda kwangu, pindo la sketi likabaki na pedeli. Nikajikuta chini miguuni pake, mchanga mdomoni.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka pale pale.

"Marahaba," akaitikia kwanza, maana salamu ni salamu, ndipo akashusha mfuko. Akaniinua, akafunua magoti yangu. Akaona kidonda cha leo, na cha juzi, na makovu ya wiki mbili nyuma.

"Haya yote ni ya nini, Mama Doris?"

"Sijui kushuka, mama," nikasema, na machozi yakanitoka kabisa, mtu mzima mimi. "Kwenda najua. Kushuka sijui. Nilikudanganya. Nikisimama kusalimia siwezi kupanda tena, kazi inanipotea. Wazee siwadharau. Na wewe sitaki uende, nyumba itanishinda."

Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akakaa juu ya mfuko wake. "Kumbe!" akamwambia Bibi Justa. "Tunamsema mtoto ana kiburi, kumbe anaogopa chini!"

Kisha akainuka, akaisimamisha baiskeli, akashika siti.

"Panda."

"Mama, goti lako."

"Panda, utachelewa."

Akanisukuma, akichechemea hatua kumi, kumi na tano, mpaka magurudumu yakakubali. Nyuma nikamsikia akimpigia kelele Mzee Eliufoo: "Mwache apite! Amesalimia huyo!"

Siku ile nilichanganya majalada vibaya. Kanisukuma, ndiyo, lakini hakusema anabaki. Magari ya Suji yanaondoka mchana. Nilimpigia simu mara nne, akawa hapokei.

Jioni nilipokata kona ya nyumbani, kulikuwa na mtu amesimama katikati ya njia. Amejifunga kanga kiunoni, amepanua miguu, mikono yote miwili mbele, tayari kunidaka. Bibi wa miaka sabini na minane, goti bovu, anataka kudaka baiskeli!

"Mama, ondoka!"

"Njoo tu!"

Ningeweza kumgonga yeyote duniani, si yule. Nikaminya breki polepole, nikateremsha mguu wa kushoto, ardhi ikanipokea. Nikatoa na wa kulia. Nikasimama mbele yake na baiskeli yangu mkononi, mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaupokea mkoba wangu, akatangulia kuelekea ndani. "Utakayemshukia atakusukuma. Basi sasa kesho ukimpita mtu bila kushuka, nitakusema mimi mwenyewe."